Kitabu cha Masika

"Bi Mosi, masika haya mjukuu wako kaletewa kitabu gani?" jirani aliwahi kuuliza. Maktaba ndiyo iliyomchagulia kila mtoto kitabu cha msimu kwa habari za nyumbani kwao, na mtoto alilelewa kwa kitabu hicho mpaka msimu uishe.

Adhuhuri moja mashine ya maktaba ilimuuliza Rukia, mkwewe Bi Mosi, hali ya nyumba. Bi Mosi alikuwa kajilaza kidogo. "Bibi amepumzika," Rukia akajibu. Kikaja kitabu cha kumzoesha mtoto kuishi bila bibi.

"Waambie niko hai, mwanangu."

"Mama nawe! Si mpaka mvua ziishe tu?" alisema Rukia, huku akikunja godoro la mkwewe.

Bi Mosi akamnyooshea mjukuu kipande cha muhogo. Mtoto hakukipokea, alifumba macho, akamwombea rehema kama alivyosomewa.

Bi Mosi akachukua mswala wake, akatoka.