Kovu la Mafuta

Mwiko ulimponyoka Valeria ukatumbukia kwenye karai la maandazi. Yule mwanamke mwenye upanga aliyechorwa kwenye ukuta wa kibanda cha gemu cha jirani, na chupi na sidiria tu mwilini, alikuwa na kovu la Valeria kidevuni.

Juzi tu kina mama wa Kivinje walikuja juu, wakimgombeza mwenye kibanda kwa ajili ya mwanamke huyo wa kwenye gemu. Valeria aliwacheka. "Katuni hiyo, jamani! Ina mume? Ina mama?"

Sasa akajishika kidevu. Palepale mafuta yalipomrukia mwaka jana, fundi wa kuchora, brashi bado mkononi, amepachora, hata mkunjo wa kovu.

"Nilikosa sura, dada," fundi akasema akichekelea. "Nikaazima yako. Mwili si wako, ni wa gemu."

Wateja waliosubiri maandazi waliutazama ukuta, wakamtazama yeye, wakaurudia ukuta, taratibu, kuanzia shingoni kwenda chini.

Valeria akampokonya fundi brashi, akaichovya kwenye kopo la rangi ya bluu. Kila mtu alijua anakwenda kuifuta ile sura.

Akaanzia shingoni. Alipofika miguuni rangi ilikuwa imekwisha, na sura yake ilikuwa palepale, inawatazama.