Mpira wa Injini ya Marehemu

Bi Salha alimpelekea fundi Shekue mpira uliochanika wa injini ya boti ya marehemu mumewe. Kiwanda kiliacha kuutengeneza zamani, na bila huo maji yangeingia ndani ya injini.

Shekue alichukua umbo lake kwa plasta, akamimina mpira mpya ndani yake, akauoka. Alipoutoa, akaona alama ya kidole gumba. Kumbe marehemu aliwahi kuziba ufa wa mpira wa zamani kwa gundi, akaibonyeza kwa kidole.

"Samahani, mama. Alama ya mzee imetokea na huku. Nitaisugua iishe."

"Usiiguse, mwanangu."

Bi Salha aliupokea ungali na joto, akaweka kidole gumba chake juu ya alama. Kiliingia chote, na nafasi ikabaki pembeni.