Chujio la Agar

Jumaine alilala chali chini ya lori, akautia mpira mpya wa kuzibia chujio mdomoni, akaung'ata mpaka ukabaki na alama za meno. Kisha akaupachika mahali pake, akakaza kikombe cha chujio, akatoka kuwasha injini. Alipoinama tena kuchungulia, tone la kwanza la mazutu, dizeli ya lori, lilikuwa limeshaning'inia. Akatabasamu.

Chujio lile halikuwa na kosa. Kosa lake lilikuwa kwamba bila kung'atwa halikuvuja.

Kwa miaka sita Jumaine alikuwa ameendesha lori la Mama Hadjara kati ya Beni na Butembo, na kila safari bidoni mbili, madumu ya mazutu, zilishukia njiani, kwa mnunuzi wake. Akiulizwa, jibu lilikuwa tayari: filtre, yaani chujio, inavuja. Kwa uvujaji huo alikuwa akijenga nyumba katika komini ya Ruwenzori, mjini Beni. Kuta zilikuwa zimefika madirishani. Bila uvujaji, zingebaki hapo hapo zinyeshewe.

Halafu Mama Hadjara akamwendea Agar, fundi wa Butembo anayeyeyusha masufuria mabovu na kutoa vipuri. Akamwagiza chujio ambalo dereva yeyote angelifunga kwa mikono mitupu, na lisivuje. Précieux, mwimbaji wa kwaya, dereva anayefuta hata bolti kabla ya kuikaza, alijitolea kulijaribu. Mama Hadjara akamkatalia mbele ya wote.

"Weye kaa, Précieux. Hii kazi ni ya Jumaine."

Siku nzima Jumaine alitembea kama waziri.

Basi siku ile ya meno alifika Butembo suruali ikinuka mazutu, uso wa msibani.

"Dada Agar, pole sana. Inavuja."

Agar, mwanamke mwembamba mwenye masizi mpaka kwenye nyusi, aliugeuza mpira kwenye mwanga. "Hii kitu, ni nani aliikula?"

"Panya. Beni tuko na panya mubaya."

"Ni kweli," alisema Agar, akaandika kwenye daftari.

Wiki iliyofuata mpira ulikuja umezama ndani ya mfereji wake, jino halifiki. Jumaine akaupindua juu chini. Ukavuja. Agar akaufanya uwe sawa pande zote mbili. Jumaine akauacha mpira wa zamani ndani na kuweka mpya juu yake. Mazutu yakatiririka tangu Beni mpaka Maboya. Agar akaugandisha mpira kwenye chujio lenyewe, ili ukitoa la zamani, mpira wake uondoke nalo. Jumaine akachukua spana kubwa, akakaza kikombe mpaka kikapasuka. Agar akakilainisha kama yai, spana ikakosa pa kushika. Sasa mkono ulikizungusha robo tu, kikalia ka, kazi imekwisha.

Kila mara alimsogezea Jumaine kiti na kikombe cha chai. "Nionyeshe vile ulifanya, kaka. Polepole."

Jumaine alimwonyesha, akitikisa kichwa kwa huruma. Moyoni alicheka. Binti wa watu anahangaika miezi na kitu cha kukaa kiganjani, naye anakiangusha kwa dakika mbili.

Siku moja Agar aliuliza, "Mutu wa kuharibisha kabisa, angefanya namna gani?"

Swali lilimpendeza. Hakuna aliyewahi kumuuliza Jumaine maarifa yake.

"Muchanga," alisema. "Kidogo tu, chini ya mpira. Hata bafundi ba Kampala hawatajua kitu."

"Muchanga," alirudia Agar, kalamu ikikimbia.

Chujio lililofuata mpira wake ulikuwa na mdomo mwembamba. Jumaine alipotia mchanga, mdomo uliufagia wote nje. Akageuza chujio kichwa chini; halikuingia. Akalifunga bila kulizungusha hadi mwisho; kikombe kikamwangukia kifuani. Akalipiga nyundo. Alumini ikabonyea, lakini halikutoa hata jasho. Alikwenda Kamango na kurudi, barabara yote mashimo, na lori likabaki kavu kama kanzu ya Ijumaa. Safari hiyo hakushusha hata bidoni moja. Mvua ilikuwa inanyesha Ruwenzori, na matofali ya juu ya nyumba yake yalikuwa yameanza kulainika.

Asubuhi yake aliingia katika bureau ya Mama Hadjara, ofisi yake ya Beni. Akili yake ilikuwa moja: kama mazutu yamekwisha, angalau asikose sifa. Alimkuta Agar ameketi pale, daftari magotini.

"Patrone," alisema Jumaine, "nimeifunga namna zote. Haivuji tena."

"Namna zote?"

"Zote. Hata ile ya..." Akakohoa. "Zote, patrone."

Mama Hadjara alimtazama Agar. Agar akapiga mstari chini ya ukurasa, akafunga daftari.

"Donc tumemaliza," alisema Mama Hadjara. "Kesho Agar anaanza kifuniko cha tanki, kile cha kufunga na kufuli. Weye tena ndiye utajaribu."

Kifua cha Jumaine kilipanda. Aliona ni wakati wa kuisikia sifa ile ikisemwa kwa sauti, tena mbele ya shahidi.

"Patrone, mais tuko bachauffeur munane hapa. Juu ya nini mulichagua miye?"

Mama Hadjara alirekebisha mtandio wake.

"Agar aliniomba chauffeur mujinga, mutu wa kukosea. Nikamuambia, mujinga anakosea mara moja, anachoka. Nikamupatia mwizi."