Maua Kichwa Chini

"Shangazi, tazama. Wanatafuta wasichana wa saluni, chakula na malazi juu yao," Zaituni alisema, akisogeza simu.

Mwanaidi aliacha cherehani akatazama. Kwenye video walikuwa wasichana watatu, kila mmoja akisifia kazi katika mji wake, lakini nyuma ya wote lilining'inia pazia lile lile, maua yake kichwa chini.

Alilijua. Alilishona na kulitundika yeye mwenyewe, dirishani kwa mteja mmoja. Alikuwa amekosea akapindua kitambaa, na mteja hakujali. Alichotaka yule bwana ni pazia liungwe katikati, lisifunguke kabisa.

"Ni kuzuia vumbi, mama," bwana huyo alisema, na Mwanaidi akaliunga.

"Usiwapigie," sasa alimwambia Zaituni. "Kimbilia polisi, waambie wasichana hawa wamefungiwa katika nyumba ya geti jeusi nyuma ya soko."

Yeye naye hakuweza kukaa. Alitia mkasi kwenye mkoba, akashika njia nusura akimbie. Chini ya dirisha lile akapaza sauti, "Hodi. Ni fundi, nimekuja kurekebisha pazia."

Maua yakatikisika, na kwenye mshono wa pazia ikachomoza ncha ya kidole, ikichokonoa uzi.