Lifti Iliyojaa Viti

Wiki nzima kabla hatujaenda kwenye jumba la sanaa, shangazi alikuwa akipiga simu kuuliza kama kiti chake cha magurudumu kitafika ghorofani, kwenye picha. Meneja alimhakikishia kwamba lifti ipo.

Ilikuwepo kweli. Ndani yake walikuwa wamerundika viti vya plastiki na mapazia mabovu, na buibui alikuwa ametanda utando juu ya vitufe.

"Walinzi watambeba," meneja aliniambia mimi, wala hakumtazama yeye. "Kwani ana kilo ngapi?"

Shangazi alimpandisha na kumshusha kwa macho, kuanzia viatu vilivyong'arishwa mpaka tai, kama anayekagua samaki aliyevunda.

"Niulize mimi. Iliyokufa ni miguu, si masikio."

Meneja akacheka kidogo, akawaita walinzi. Nje, wageni wake wa heshima walikuwa wakishuka kwenye magari.

Shangazi akajisukuma hadi katikati ya mlango mkuu, akauziba, akafunga breki za magurudumu yote mawili, akakunja mikono.

"Haya, bebeni," alisema, akiwaonyesha wageni kwa kidevu. "Anzeni na wale."