Jembe la Paka
Huko ncha ya kusini ya dunia, barafu iliiponda meli ya wavumbuzi. Paka wao, aliyesalia peke yake, akajikokota hadi kwa Pengwini, waliokuwa wamesongamana wakingoja baridi ipite. Wakamtia katikati, kwenye joto.

Siku ya tatu Bibi Pengwini akamwambia, "Mgeni siku mbili, mjukuu wangu. Leo jembe lako ni hili: kakae pembeni, ukinge upepo."

Paka akatoka, machozi yakigandia masharubuni. "Semeni tu mnanifukuza, bibi."

Upepo ukamchapa mgongoni hadi akakata tamaa. Ndipo mabawa yakamsukuma ndani tena, na Bibi akatoka kushika zamu yake.

"Wa kufukuzwa tungempa jembe la nini?" akamwambia walipopishana. "Jembe hupewa mwenyeji."