Unga Mweupe Chini ya Glasi

Unga ulikuwa umetua tena chini ya glasi, mweupe kama sembe, na Lukresia alipouona alitamani kulia.

"Unga umetoka, mzee?"

"Umetoka, dada," alijibu Bwana Iddy, bila furaha yoyote. Alikuwa amechoka. Serikali ilimpunguza kazini baada ya miaka mingi ya maabara, na sasa alikuwa kibarua wa mwekezaji, akichemsha mawe kwa tindikali ndani ya ghala la ushirika uliokufa, hapa Mbaha, kando ya ziwa. Mbinga mjini walimtimua kwa sababu ya moshi. Huku moshi alikuwa anaumeza peke yake, na kikohozi hakimwachi.

Kazi yenyewe ilichosha. Kuponda jiwe hadi liwe vumbi, kulichemsha kwa tindikali kwenye bakuli la kauri mpaka lishikane kama ugali, kuliloweka, kulichuja, kisha kutia tindikali nyingine na kusubiri. Kama jiwe lina yale madini adimu anayoyataka mwekezaji, unga mweupe hutua. Wiki ya kwanza hakikutua kitu. Kisha malaria ikamlaza, akamwajiri Lukresia ampikie na kumwoshea vyombo, na alipoinuka kitandani bahati ikafunguka.

Bahati ya mwekezaji, si ya Lukresia. Mawe yale yalitoka kijiji cha Ruanda, kule milimani juu ya ziwa, kwenye kilima cha baba yake, mzee Ladislaus. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka tangu wanunuzi binafsi waingie, lakini mzee hakung'oa hata mbuni mmoja, maana mkewe alizikwa katikati ya mibuni hiyo. Sasa ingeng'olewa yote, na kaburi lihamishwe.

"Mzee, nakuomba," Lukresia alisema. "Rudia mara moja tu. Pengine kuna kosa."

Bwana Iddy alifumba macho. Gari la mwekezaji lingekuja keshokutwa kuchukua majibu, naye alitaka kulala tu. Lakini alikuwa na binti wa umri ule ule nyumbani Korogwe.

"Kosa linaweza kuwepo," alisema. "Madini haya ni chembe nzito, za rangi ya asali. Mvua huziteremsha kutoka milimani, zinazagaa popote. Chache tu zikiganda kwenye bakuli, zinatosha kunidanganya. Nioshee mabakuli upya, yatakate kabisa. Unga usipotua, nitawaambia kilima hakina kitu. Nakuapia."

"Yatatakata, mzee. Wewe ngoja uone."

Aliyabeba mbio mbio hadi ufukweni. Wanawake waliokuwa wakiosha sufuria walimtania, wakamuuliza kama leo baba askofu anakula kwake. Aliwapita. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, akapandisha kanga, akachuchumaa majini. Leo hakutaka mzaha. Alichota konzi mbili za ule mchanga mweusi mzito anaosugulia siku zote, ule wenye chembe za rangi ya asali unaotakatisha kuliko sabuni, akayasugua mabakuli yote, ndani na nje, mpaka mikono ikamuuma.